Kabla ya kuuliza bei ya mashine, uliza miti ilienda wapi

Wiki mbili zilizopita anko alinitumia picha kumi na nne za mashine moja. Kumi na nne, za kitu kimoja, kama mtu anayeuza ng'ombe. Ni ule msumeno mkubwa wa meza inayoteleza. Unalaza bodi nzima juu ya meza ya alumini, unasukuma, bledi imekaa mahali pake inazunguka, na bodi inatoka imenyooka kama imekatwa kwa leza. Hapa Nyeri mafundi wanaiita tu mashine ya bodi. Hii ya anko imetoka Ulaya, na nikikutajia bei utasema nimeongeza sufuri moja.

Anko ana karakana upande wa Ruring'u. Anatengeneza makabati ya jikoni, wodirobu na meza za TV. Kwa sasa hana mashine ya kukata bodi. Anapeleka karatasi ya vipimo kwa duka linalouza bodi, analipia kila mkato, kisha anapanga foleni nyuma ya mafundi wengine kumi. Wakimkosea kipimo, hasara ni yake. Kwa hivyo anataka yake. Sacco imekubali kumpa mkopo akipata wadhamini, na mmoja wa hao wadhamini ni mimi. Nina miaka 24 na akiba ya kuchekesha, lakini saini ni saini. Anko akishindwa kulipa, wanakuja kwangu.

Ndiyo maana nimekaa nikisoma historia ya misumeno usiku badala ya kuedit video. Msinicheke.

Mtu aliyenianzisha ni guka. Alikuwa seremala miaka yote ya kazi yake, na sasa kazi yake ni kukaa pale karakana akikosoa. Anko alimwonyesha picha kwa simu. Guka akazisogeza moja moja kwa kidole, akaangalia zote, halafu akauliza: "Hii inakata mti gani?"

"Haikati mti, Baba. Inakata bodi."

"Basi huo si msumeno."

Sote tulicheka. Lakini nilipofika nyumbani lile swali likakataa kutoka. Inakata mti gani?

Anza na mlima wenyewe. Misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ilikuwa na mbao ambazo leo ukizitaja kwa duka, mwenye duka anakuangalia kama umeuliza bei ya kifaru. Kulikuwa na muthaiti, ile kafuri, mti mkubwa wenye harufu ambao mchwa haupendi. Kulikuwa na mtarakwa, na podo, na ule mti wa Meru ambao Wazungu waliuita mwaloni ingawa si mwaloni. Wamisionari wa Consolata walitoka Turin wakafika Tuthu, upande wa Murang'a, mwezi Juni 1902, na hawakukawia kuanzisha kazi ya kupasua mbao kwa mashine msituni. Waskoti wa Tumutumu, karibu na Karatina, nao wakafundisha vijana useremala. Reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, mbao za mlima zikapata njia rahisi ya kwenda Nairobi.

Lakini kwa mtu wa kawaida mashine ilikuwa watu wawili na shimo. Guka aliwaona akiwa mtoto. Gogo linawekwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia chini, na msumeno mrefu unapanda na kushuka kati yao. Wa juu ndiye anaongoza mstari. Wa chini ndiye anakula vumbi. Guka anasema ungemtambua mtu wa chini hata kanisani, kwa vile alivyokuwa akikunja macho. Mbao chache kwa siku, na kila moja ilikuwa na mawimbi ambayo lazima uyatoe kwa randa.

Wakoloni walipoona miti ya asili inakata kauli haraka kuliko inavyoota, walipanda mingine. Saiprasi ilitoka Mexico na nchi jirani zake. Mukima, ambao wengine mnaujua kama grevilia, ulitoka Australia ukapandwa mashambani kutoa kivuli kwa kahawa na chai. Kuanzia karibu 1910 kukawa na mfumo wa shamba: serikali inakuruhusu kulima viazi na mahindi kwa kipande cha msitu uliokatwa, wewe unaitunzia miche yake hadi iwe mikubwa, kisha unahamishwa. Kwa hivyo ile harufu ya mbao mbichi ambayo sisi watu wa Nyeri tunadhani ni harufu ya nyumbani, ni mti wa Mexico. Sijui kwa nini hiyo ilinigusa, lakini ilinigusa.

Guka alianza kazi mwaka 1963, kwa msumeno wa mkono. Baadaye akapata kile ambacho karibu kila karakana ya hapa bado inacho: meza ya kuchomelea kwa vyuma, mota chini, bledi inachungulia juu katikati ya mbao mbili. Hakuna kifuniko. Hakuna kisu cha nyuma. Fundi wa kuchomelea alipima kwa macho.

Ni mashine ya akili sana, msiidharau. Ilijenga nusu ya vitanda ambavyo mmelalia. Lakini ina tabia moja. Ubao mbichi ukipasuliwa huwa unajikunja, kwa sababu ndani ya mti kuna mvutano ambao ulikuwa umefungwa. Zile pande mbili zinafunga nyuma ya bledi, zinaibana, na meno ya nyuma, ambayo yanapanda juu, yanauinua ubao na kuurusha kwa aliyesimama. Ubao unaruka. Mkono uliokuwa ukiusukuma unabaki bila kitu cha kushika, na unaenda mbele. Kisu cha nyuma ni kipande tu cha chuma kinachokaa nyuma ya bledi kuzuia mbao isifunge. Kipande cha chuma. Mwaka 1979 guka hakuwa nacho, na tangu hapo ana vidole vinane. Alirudi kazini baada ya miezi miwili, kwa mashine hiyo hiyo, kwa sababu kulikuwa na karo ya watoto wanne, anko akiwa mmoja wao.

Sasa twende Ujerumani kidogo, nitawarudisha.

Msumeno wa meza inayoteleza ulibuniwa na mtu anaitwa Wilhelm Altendorf, Berlin, mwaka 1906. Wazo lake ni rahisi mpaka linaudhi: badala ya mkono kusukuma mbao juu ya meza iliyosimama, sogeza meza yenyewe, na mbao imekaa juu yake kama abiria. Mstari unanyooshwa na reli, si na macho ya fundi. Kampuni yake bado iko, sasa ni ya Minden, na jina lake limekuwa kama jina la aina ya mashine. Baadaye wakaja wengine ambao anko anawataja kama timu za mpira: Martin ya Ottobeuren, SCM ya Rimini, Felder ya Austria.

Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa mashine ya mafundi wachache. Kilichoifanya iwe ya lazima ni bodi. Na hapa ndipo nilipoacha kusoma nikasimama nikatembea chumbani.

Chipbodi ilitoka kwa Mjerumani mwingine, Max Himmelheber, miaka ya thelathini. Mwaka 1941, vita vikiendelea, kiwanda cha Bremen kikaanza kuitengeneza kwa biashara. Kwa nini? Mbao zilikuwa adimu, na wakati huo huo mabaki yalikuwa yanachomwa au kutupwa. Basi saga mabaki, changanya na gundi, kandamiza kwa joto, umepata ubao ambao haujawahi kuwa mti mmoja. Haujikunji. Hauna mwelekeo. Hauna mafundo. Lakini ukiupaka melamini nyeupe juu na chini, ile ngozi ni ngumu na inavunjika kama glasi: bledi ya kawaida ikitokea chini, inaacha ukingo umejaa meno. Ndiyo maana mashine hizi zina bledi mbili. Kuna moja ndogo mbele ya ile kubwa, inazunguka kwa mwelekeo wa kinyume, inakwaruza ngozi ya chini kwa milimita chache tu ili kubwa ikipita isipate kitu cha kuvunja.

Kwa hivyo guka alikuwa amegusa penyewe. Hii ni mashine ya mahali ambapo miti imeisha.

Na sisi? Mwishoni mwa miaka ya tisini muthaiti ulikuwa unakatwa usiku na mchana Mlima Kenya. Mwaka 1999 KWS walipita juu ya msitu kwa ndege wakihesabu uharibifu, na mwaka uliofuata msitu ukawekwa chini yao kama hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo wa 1999 serikali ikafunga ukataji katika misitu yake, isipokuwa kwa viwanda vitatu vikubwa: Pan Paper ya Webuye, RaiPly ya Eldoret na Timsales ya Elburgon. Soma hiyo tena kama seremala wa Karatina. Mti umefungwa kwako, uko wazi kwa kiwanda, na baadaye kiwanda kinakuuzia plaiwudi na bodi. Silaumu kufungwa kwa msitu. Mto unaonywesha nyumba yetu unatoka huko juu. Nasema tu nani alibaki na msumeno.

Kisha tarehe 24 Februari 2018 kukaja marufuku nyingine kwa misitu ya serikali na ya jamii. Ilitangazwa ya siku 90. Ikaongezwa, ikaongezwa, ikakaa zaidi ya miaka mitano, mpaka Rais Ruto alipotangaza akiwa Molo, Julai 2023, kwamba imeondolewa, na mara moja kesi zikafika mahakamani. Katika hiyo miaka mitano anko aliacha kutengeneza vitanda vya saiprasi. Hakuamka siku moja akaamua yeye ni mtu wa makabati. Mbao zilipanda bei, bodi zikawa kila duka kutoka Nanyuki hadi Kerugoya, na wenye maploti ya kupangisha Chaka na Nyeri mjini wakataka jikoni nyeupe zinazong'aa. Akafuata.

Kuna mtu mmoja wa hapa hapa Nyeri, wa Ihithe, ambaye alielewa hili kabla yetu sote. Wangari Maathai alipofariki Septemba 2011 hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake. Lilitengenezwa kwa mianzi, magugu maji na mafunjo. Guka, ambaye ametengeneza majeneza mengi kuliko anavyokumbuka, anasema alipoliona kwa TV aliliangalia kama fundi kwanza, akitafuta maungio. Alisema ilikuwa kazi safi.

Sasa mashine. Nikiwa najua haya yote, nilirudi kwa zile picha kumi na nne nikiwa na macho mengine.

Meza yake inayoteleza ina urefu wa mita 3.2. Nilimuuliza anko kwa nini hiyo. Akasema ndiyo ya watu serious. Hapana. Ni kwa sababu bodi za Ulaya mara nyingi ni milimita 2800 kwa 2070. Bodi yetu ni futi nane kwa nne, yaani 2440 kwa 1220. Ananunua sentimita za bodi ambayo haitawahi kuingia Ruring'u. Tena meza ikienda mbele yote na kurudi nyuma yote inataka karibu mita saba za nafasi wazi. Tulipima karakana: mita 5.8. Anko alikimya kidogo, kisha akaanza kuongea juu ya kubomoa ukuta. Ukuta ni wa mwenye nyumba. Ya mita 2.6 ingekaa, ikijibana.

Stima nayo. Mota ya mashine kama hiyo ni karibu kilowati 5.5, na inataka fezi tatu, volti 415. Karakana ina fezi moja. Kuleta laini ni gharama nyingine kabla hujakata hata kipande kimoja, na hiyo haikuwa kwa hesabu ya mkopo. Niliiongeza mimi. Hakunishukuru.

Kile ambacho ni halali kulipia ni ile reli. Mashine hizi zote zinafanana kwa picha, za Ujerumani, za Italia, za Qingdao. Tofauti iko kwa jinsi ile meza inavyosafiri bila kuyumba, leo na baada ya miaka kumi. Na hilo unaweza kulijaribu mwenyewe bila kuwa na digrii. Chukua kipande cha bodi, kata upande mmoja, kigeuze upande uliokatwa ukae kwenye rula, kata wa pili, endelea hivyo mpaka pande zote nne, kisha rudia ule wa kwanza lakini mara hii toa kipande chembamba. Pima hicho chembamba upana wake kila mwisho. Kama rula haiko mraba, kosa limejirudia mara nne na sasa linaonekana kwa kalipa. Muuzaji akikataa ufanye hivyo, ushapata jibu.

Zile skrini za kugusa zinazosogeza rula zenyewe? Kwa karakana inayokata jikoni moja au mbili kwa wiki, mimi naziona ni pambo. Zikiharibika Nyeri, utangoja mtu wa Nairobi, na yeye atangoja kifaa kutoka Ulaya.

Vidole ni stori nyingine. Mmarekani anaitwa Steve Gass alibuni mwaka 1999 msumeno unaohisi ngozi kwa umeme na kusimama ndani ya milisekunde chache. Ni ajabu, ila ubao mbichi sana pia unapitisha umeme na unaweza kuuzimisha bure, na nyinyi mnajua mbao za hapa zinauzwa zikiwa bado zinatoa maji. Miaka ya karibuni Altendorf wameweka kamera juu ya bledi: mkono ukikaribia, bledi inashuka kabla ya kuguswa. Bei yake si ya sisi. Lakini kifuniko na kisu cha nyuma viko hata kwa mashine ya bei nafuu, na nimeona karakana tatu mjini ambazo zimevitoa vikawekwa kwenye rafu kwa sababu "vinachelewesha". Nimemwambia anko hilo ndilo sharti langu la kwanza. La pili ni vumbi. Vumbi la mbao liliwekwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 1995, na kwa bodi kuna gundi juu yake. Mfyonza vumbi uwe ndani ya bajeti, si "tutaona baadaye". Yule mtu wa chini ya shimo angalau alikuwa anakula mtarakwa.

Lakini kuna kitu kinachonisumbua kuliko hivyo vyote. Ile mashine, hata iwe nzuri namna gani, inakufunga kwa bodi. Haipendi ubao mbichi, mchafu, uliojikunja. Mukima wa mashambani haukuwa ndani ya marufuku ya 2018, kwa sababu si wa msitu wa serikali wala wa jamii. Upo kwa kila mpaka wa shamba kutoka Othaya hadi Embu, na bado kuna watu wanataka mlango au kitanda cha mbao halisi. Hiyo kazi inataka mahali pa kukaushia, randa ya mashine, na mtu anayejua kusoma mbao. Mtu huyo anakaa pale pale karakana, kwa stuli, akikosoa, ana vidole vinane na miaka zaidi ya themanini. Mkopo ukienda wote kwa mashine ya bodi, anko atakuwa amelipa pesa nyingi kuwa mteja wa kudumu wa viwanda, na hiyo nyingine itaisha na guka.

Maoni yangu, kwa wale mtauliza: achukue iliyotumika, ya mita 2.6, reli nzuri, bledi mbili, bila skrini, na kinachobaki kiende kwa fezi tatu, vumbi na randa ya mashine. Anko anasema mimi ni mtu wa kuogopa. Huenda. Yeye anasema mteja akiingia akaona mashine mpya ya Mjerumani, bei ya jikoni inapanda yenyewe kabla hajaongea. Na kusema kweli, kwa hilo sina jibu.

Jumamosi tunaenda Nairobi kuona moja iliyotumika. Anko anabeba kipande cha melamini nyeupe cha kujaribia, mimi nabeba kalipa ya kuazima. Guka amesema anakuja pia, na ameshauliza kama hicho kisu cha nyuma kitakuwa kimefungwa au kiko kwa rafu. Fomu ya sacco iko hapa kando ya laptop. Sijasaini bado.